Siti ya Upande

"Mamdogo, kwani wewe hukai?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, uwani kwetu Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo, mbele ya wanawake waliojipanga kwenye mkeka wakichambua mchele wa shughuli. Yeye alikuwa amesimama, kama kawaida yake. Kikombe cha chai amekiweka juu ya pipa la maji, kitumbua kiko mkononi, na huku anatafuna analizunguka pipa lile kama analikagua. Wiki nzima nilikuwa nimewasikia wakubwa wakisema, "Badria hakai, yule hakai." Nikaanza kumwangalia, na kweli nikaona hakai. Anakula amesimama, simu anaongea anatembea, akienda kumwona mgonjwa anaegemea mlango. Nikataka kujua miguu yake ina nini.

Mikono ikatulia juu ya nyungo. Mtu mmoja akakohoa. Mamdogo akanitazama, akafuta mafuta ya kitumbua kwenye khanga, akasema taratibu, "Sabaha, hebu niletee mkasi."

Nikakimbia ndani. Niliporudi na mkasi alikuwa ameshaondoka, na pale aliposimama hapakuwa na kitu cha kukata.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kukaa kwetu sisi watoto kulikuwa kwa kiti na mkeka, na kukaa kwa wakubwa kulikuwa kwa ndoa. Mamdogo Badria, mdogo wake mama yangu, aliolewa Temeke na mwanaume anaitwa Awadhi, na mwaka haukuisha akarudi na cherehani yake juu ya mkokoteni. Awadhi hakuwa mtu mbaya, hata Bibi anasema hivyo. Alitaka tu mke wake atulie ndani, akamnunulia na kochi. Mamdogo akamwambia kochi ni zuri ila yeye anatoka. Kabla ya hapo alishaacha duka la vitenge Mtaa wa Kongo, alishaacha kushona sare za shule, sasa kaacha na mume. Basi, neno moja likabeba yote: hakai.

Kazi aliyokuja kuishika, ukiifikiria, inachekesha. Anatengeneza siti za pikipiki. Banda lake liko Gerezani, kwenye ule mstari wa mafundi ambapo ukipita nyundo ziko kushoto, mashine ya kukatia vyuma iko kulia, na cheche zinakurukia mpaka kwenye soksi za shule. Mafundi wenzake wa siti wanashona wamekaa kwenye vigoda. Yeye cherehani ameipandisha juu ya matofali, anashona amesimama, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedeli. Wateja wanaona ajabu mara ya kwanza, halafu wanakalia siti yao mpya na hawaulizi tena.

Ufundi hakuuanzia Gerezani. Babu yangu, marehemu Mwinyimvua, alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, enzi ambazo nusu ya Kariakoo ililalia sufi, kabla sponji hazijajaa madukani. Mamdogo amekua anakanyagia sufi ndani ya magunia. Anajua ikilaliwa inakuwa bapa na ikianikwa juani inavimba tena. Babu alikuwa akimaliza godoro analipiga kofi moja, anasikiliza, halafu anasema "limekaa" au "halijakaa." Likiwa halijakaa analichana lote. Mamdogo naye siti yake anaipiga kofi, anainamisha kichwa, anasikiliza. Nimejaribu mara nyingi. Mimi sisikii kitu.

Aliyemvuruga zaidi mamdogo ni mama yake mwenyewe, Bibi Mgeni.

Bibi amebakiwa na ndugu mmoja, dada yake Bi Zulekha, anayeishi Kiombeni, kijiji cha huko kusini ya Mkuranga walikozaliwa wote wawili. Gari inakupeleka kwa lami mpaka Kimanzichana. Ukikata kushoto unaanza mchanga wa chini ya mikorosho, halafu tope jeusi, halafu kijito kisicho na daraja. Huko anapita mwenye miguu yake au mwenye pikipiki. Na Bibi miguu hana tena, tangu alipoteleza bafuni nyonga ya kushoto ikaharibika. Aliwahi kujaribu kwenda kwa bodaboda. Siti ngumu kama ubao, shimo likimtoa linampokea lingine, hata nusu ya njia hakufika. Akapiga kelele ashushwe. Alishushwa chini ya mkorosho mmoja ulioinama barabarani, akalia pale mpaka akachoka, akarudishwa mjini.

Kuanzia hapo dada wawili wakawa wa kwenye simu. Na Bi Zulekha alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwenda, la kulia lilikuwa linaingia ukungu polepole. Siku moja simu ikiwa kwenye spika nikamsikia anasema, "Mgeni, njoo nikuone. Usingoje mpaka iwe nakusikia tu."

Bibi alimpa mamdogo simu akaingia chumbani kwake.

Mamdogo akabaki uwani analizunguka pipa. Mimi, sasa niko darasa la sita, nilikuwa na daftari la hesabu mapajani. "Nawashonea Bongo nzima siti," akasema, sijui ananiambia mimi au pipa. "Nzima. Halafu mama yangu mimi hana pa kukaa."

Pikipiki ilikuja yenyewe. Mzee Heriel, bwana mifugo mstaafu, alileta yake Gerezani ibadilishwe siti. Ilikuwa moja ya zile ndefu nyembamba, tairi la mbele kubwa, madigadi imekaa juu mbali na tairi, zile walizokuwa wanapewa mabwana shamba waende nazo vijijini. Akasema siti ikiisha mamdogo amtafutie na mnunuzi, magoti yake hayaiwezi tena. Kesho yake akarudi kuuliza kama mtu amepatikana.

"Amepatikana," mamdogo akamjibu. "Unaongea naye."

Kuanzia hapo Gerezani hapakuwa na utulivu. Aliyeumia zaidi ni fundi Nassibu, mchomeleaji wa banda la pili, mtu mrefu wa Newala mwenye mdomo usiofungwa. Kila jioni nikitoka shule nilipita hapo, na kila jioni nilikuta cha jana kimebomolewa. Usukani ulipandishwa kwa vipande vya bomba ili mwendeshaji aweze kusimama akipita kwenye mashimo, ukashushwa, ukapandishwa tena. Vikanyagio vilipanuliwa ili buti lisiteleze likiwa na tope. Chini ya injini ilifungwa bati nene ya kuzuia visiki. Vikinga mikono vilikatwa kwenye dumu tupu la oili, vikawa vya njano na nusu ya maandishi yake. Zikaja tairi zenye meno, na sproketi ya nyuma kubwa zaidi, ili pikipiki ipunguze mbio na iongeze nguvu kwenye mchanga.

Ugomvi ulikuwa kwenye shokapu.

"Dada Badria, sema unataka nini," Nassibu alimwambia, miwani ya kuchomelea iko kwenye paji la uso. "Ya kupita porini inatakiwa iwe juu na ngumu. Ya kubeba mgonjwa inatakiwa iwe chini na laini. Chagua moja nikachome."

"Nataka zote mbili."

"Zote mbili hazipo."

"Zingekuwepo ningekuja kwako kufanya nini?"

Nassibu akacheka akaenda kutafuta springi za bajaji. Walizifunga, wakazifungua, wakakata pingili moja. Mwishowe mamdogo akaamua shokapu ibaki ngumu ibebe uzito, na ulaini wote aumalize kwenye siti. Akashona siti pana ya leza, ile ngozi bandia, ya kahawia, chini sponji ngumu, juu sponji laini, na nyuma kabisa mwegemeo wa mgongo uliosimama kama wa kiti cha ofisini.

"Hii pikipiki au kitanda cha harusi?" Nassibu akauliza.

"Wewe choma. Maneno kachomee kwenu Newala."

"Nachoma. Nauliza tu foronya ziko wapi."

Kuijaribu aliipeleka ng'ambo. Anapanda pantoni pale Feri, anashukia Kigamboni, anatafuta mchanga mbali na watu. Kwa kuwa Bibi hawezi kujaribishwa kama tairi, alifunga nyuma gunia la mchele lenye uzito wa Bibi, akalikalisha katikati, akalikaza kwa kamba. Wavuvi na wakaanga samaki pale Feri walishamzoea. Akipita wanamsalimia yeye, kisha wanalisalimia gunia.

"Mchele umesemaje leo?" Nassibu alikuwa anamuuliza akirudi.

"Umesema mgongo hauumi."

Siku moja kabla ya masika akaileta Mtaa wa Mahiwa. Ilikuwa asubuhi, watu wanaelekea sokoni, na kila aliyepita alisimama. Bibi alitoka amevaa baibui, begi la zawadi za dada yake begani mwangu, marashi yanamtangulia. Aliitazama pikipiki kuanzia tairi la mbele mpaka taa ya nyuma. Akaigusa leza kwa vidole viwili.

"Nzuri," akasema.

Tukaweka stuli. Bibi akapanda stuli, akaigeuzia pikipiki mgongo, akakaa. Akakaa upande.

Mwegemeo ukamchoma mbavuni. Mguu mmoja ulipata kikanyagio, wa pili ukabaki unaning'inia. Nyonga mbovu ndiyo ikabeba mwili mzima kwenye ukingo wa siti, na uso wake ukabadilika hapo hapo.

"Mama, pitisha mguu," mamdogo akasema.

"Niupitishe wapi?"

"Huku, upande wa pili. Unakaa kama mimi."

Bibi akamwangalia kama ametukanwa kwa lugha ngeni. "Badria. Mguu huu haujawahi kupita juu ya kitu, si punda wala baiskeli. Leo una nyonga mbovu ndiyo uanze, tena barabarani, vijana wa mkokoteni wanatazama?"

Vijana wa mkokoteni wakaangalia pembeni, kwa adabu.

"Lakini Mama, siku hizi wanawake wote..."

"Wakae wao. Wewe hukuniuliza mimi nakaa vipi."

Mamdogo alikuwa amepima kila kitu, meno ya sproketi, urefu wa springi, unene wa sponji, na hilo halikumpitia kichwani. Katika maisha yake yote amemwona mama yake akipanda pikipiki upande. Kila mtu wa mtaa wetu amewaona wanawake wa rika la Bibi wakipanda upande. Ila mkononi alikuwa na gunia, na gunia limekaa katikati.

"Gunia halikusema," Nassibu akanong'ona. Hakuna aliyecheka. Bibi tulimshusha kwenye stuli, akarudi ndani na marashi yake.

Kesho yake mvua zikaanza, na njia ya Kiombeni ikafungwa na maji.

Sijawahi kumwona mamdogo vile. Maji ya masika yalikuwa yanatembea barabarani Kariakoo na yeye anatembea nayo, asubuhi Gerezani, mchana nyumbani, saa moja yuko tena Gerezani kupiga siti kofi gizani. Alikuwa anaanza sentensi chumbani anaimalizia uwani. Simu ya Kiombeni ikilia anaipokea kabla haijalia mara ya pili, na habari ilikuwa ile ile, macho yanazidi kupungua. Mara Bi Zulekha hawezi tena kutia uzi kwenye sindano. Mara kampa kuku wa jirani mahindi akidhani ni wake. Mara anawajua wajukuu kwa sauti. Bibi akisikia hivyo anauliza tu, "Mvua inakatika lini?" Na mamdogo anatoka kwenda kuitazama mvua, kama mtu anayemsubiri fundi aliyechelewa.

Siku moja nilitoka shule nimelowa, nikawakuta chumbani kwa Bibi. Bibi amekaa ukingoni mwa kitanda. Mamdogo amepiga magoti sakafuni na futikamba shingoni.

"Haya, Mama. Unakaa vipi?"

"Nakaa hivi."

"Mkono wa kulia unashika wapi?"

"Kiunoni kwako, wapi tena. Wa kushoto nashikia siti."

"Na mgongo?"

"Mgongo hauna pa kwenda. Ndiyo maana unauma."

Alipima muda mrefu. Alipima kutoka goti hadi unyayo, kutoka paja hadi mbavu, akamwambia ainuke, akae tena, ainuke. Bibi akalalamika kwamba hata fundi wa baibui hamsumbui hivyo. Mwisho Bibi akafunua shuka, akashika godoro lake, lile alilotengeneza Babu mwaka wa mwisho wa kazi yake. Kila mtu nyumbani kwetu ana godoro la sponji isipokuwa yeye.

"Sponji inanirusha," akasema. "Chukua sufi humu. Hii inajua nyonga yangu."

Siti ya kahawia ikachanwa yote. Ile mpya sijawahi kuona nyingine kama hiyo mjini hapa. Sehemu ya mbele ya mwendeshaji ni ya kawaida. Nyuma inatanuka kuelekea kushoto kama sinia, na mahali nyonga inapokaa kuna kishimo kilichojazwa sufi ya Babu, iliyoanikwa juu ya bati zima la nyumba siku jua lilipochomoza. Mwegemeo umehamia ubavu wa kulia, ili anayekaa upande apate pa kuweka mgongo. Chini kushoto Nassibu alichomelea kibao cha kuwekea miguu miwili, tena kwa bawaba, kisiki kikikigonga kijikunje kirudi nyuma badala ya kuiangusha pikipiki. Cheni na gurudumu wakaviziba kwa wavu wa chuma, khanga isije ikanaswa. Na kwa kuwa uzito wote umeegemea kushoto, kulia wakafunga sanduku la spana na dumu la maji.

Nassibu hakuuliza tena habari za foronya. Alisema tu, "Tukifungua duka la hizi, mabibi wa Pwani yote watahama nyumba zao."

Majaribio ya pili hakubeba gunia. Alinibeba mimi, nimevaa dera, nimekaa upande kama Bibi. Mara ya kwanza mchangani tulianguka, nikagundua faida ambayo hakuna aliyenitajia: ukikaa upande unaanguka umesimama. Mamdogo hakucheka. Aliinua pikipiki, akahamisha dumu la maji mbele kidogo, akasema, "Panda." Nilipanda mpaka nikazijua njia zote za mchanga za Kigamboni kwa upande mmoja. Za upande wa pili sizijui mpaka leo.

Juni, shule zilipofungwa, maji yalikuwa yameshuka. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Bibi alikanyaga kibao, akageuza mgongo, akakaa. Mamdogo hakuipiga siti kofi. Alikuwa anaangalia uso wa mama yake.

"Twende," Bibi akasema. "Unangoja nini?"

Mimi nilipanda na Nassibu, kwenye pikipiki yake ya kawaida, vifaa mgongoni. Hadi Mbagala nilikuwa sawa. Vikindu nikaanza kuhama tako moja kwenda lingine. Tulipofika Kimanzichana nilikuwa nimeelewa kwa nini Bibi alilia.

"Unaumia?" Nassibu aliniuliza.

"Hapana."

"Mimi naumia. Na nimekaa mbele."

Tulikata kushoto. Mchanga ulikuwa laini, na pikipiki yetu ikawa inaogelea kulia na kushoto huku Nassibu anaisemesha kama ng'ombe. Mbele yetu ile ndefu ilikuwa inakwenda polepole bila kusita, mamdogo akisimama kwenye vikanyagio kila penye shimo, na nyuma yake Bibi ametulia, baibui limefungwa vizuri, anatazama mikorosho ikipita kama mtu aliye dirishani kwake.

Kisha nikauona ule mkorosho ulioinama. Bibi alishatusimulia, huwezi kuukosea. Mamdogo naye aliuona, maana alipunguza mwendo mpaka karibu asimame, akageuza kichwa.

"Mama, nikushushe upumzike?"

"Nani amekwambia usimame?"

Akaongeza moto. Nassibu akapiga honi mara mbili bila sababu.

Kijito kilikuwa bado na maji ya kufika magotini na tope zito kila ukingo. Sisi tulizama hapo hapo, nikashuka nikavua viatu. Kwa hiyo yaliyofuata niliyaona vizuri, nimesimama kwenye maji. Mamdogo aliingia bila kusita. Katikati, kibao cha miguu kikagonga mzizi. Bawaba ikafanya kazi, kibao kikajikunja, lakini miguu ya Bibi ikabaki hewani na pikipiki nzima ikaanza kulala upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayesinzia.

"Mama, egemea nyuma," mamdogo akasema. Hakupiga kelele.

Bibi akautupa mgongo wake wote kwenye mwegemeo wa kulia. Pikipiki ikasita. Tairi la nyuma likatafuta, likapata kitu kigumu, ikanyooka, ikapanda ukingo wa pili ikiwa inatoa moshi na maji.

Kule juu Bibi akageuka kututazama. "Sabaha," akaniita, "mwambie huyo fundi kibao chake kimekunjika."

"Ndiyo kazi yake, Bibi," Nassibu akajibu, tope mpaka kiunoni.

Nyumba ya Bi Zulekha iko mwisho wa njia ndefu iliyonyooka, na yeye alikuwa barazani, mkono kwenye paji la uso. Wajukuu walikuwa wanamwambia zinakuja pikipiki mbili. Tulipofika walitusimulia alivyosema, na walisimulia wote kwa pamoja wakikatizana. Alisema, "Ile ya mbele imembeba Mgeni." Wakamuuliza, Bibi, kwani unaona? Akasema, "Sura sioni. Naona alivyokaa. Hivyo hivyo alikuwa anakaa kwenye baiskeli ya baba."

Bibi aliteremka mwenyewe. Dada yake alimsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana, akageuza kichwa ampate kwa lile jicho la kulia, akamtazama kwa muda.

"Umezeeka," akasema.

"Kumbe unaona," Bibi akamjibu, na hapo ndipo walipoanza kulia.

Tuliletewa mkeka na vigoda. Karibuni, kaeni, kaeni. Nassibu alikaa chini kwa uangalifu mkubwa kama amebeba mayai. Nilimpa Bi Zulekha shikamoo, akaitika marahaba akanishika uso wote. Karibu kila mtu wa nyumba ile alimwambia mamdogo kaa. Akasema asante, akaenda kuosha cheni. Akarudi, akaambiwa kaa, akasema asante, akaenda kuangalia bawaba. Akanyoosha kibao. Akakagua siti, akaingiza vidole kwenye kishimo cha sufi. Wale wawili walikuwa barazani wanaongea kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, wameshikana mikono.

Mimi kigoda kilinishinda, kwa sababu ya safari ile na siti ya Nassibu. Nikaenda kukaa kwenye pikipiki ndefu iliyoegeshwa kivulini, upande, miguu kwenye kibao, mgongo kwenye mwegemeo. Mamdogo alikuja na kipande cha muhogo wa kuchoma. Akaizunguka pikipiki mara moja, anatafuna. Akaizunguka tena.

"Sabaha."

"Abee."

"Siku ile mkasi uliuleta?"

Ilinibidi nifikiri kidogo. "Niliuleta. Ulikuwa umeshaondoka."

"Hm." Aliangalia barazani, halafu akaniangalia mimi nilivyokaa, halafu akaangalia nafasi iliyobaki kwenye siti. Akaipiga leza kofi moja. Hakuinamisha kichwa kusikiliza.

"Nakaa," akasema. "Ila hakuna aliyeniuliza nakaa vipi. Sogea."